Nyumba Mbele ya Goli

Jumamosi, 4 Februari

Tumefungwa sita kwa mbili. Na tulikuwa nyumbani! Mbele ya watu wote waliolipa kiingilio, na mmoja aliyeingia bure, ambaye ni mimi.

Naingia bure kwa sababu nina kazi. Nakaa safu ya juu kabisa ya ukumbi wa barafu wa mji wetu, Pihlajakoski, chini ya hita, na koti la klabu mgongoni, nikihesabu nafasi za kufunga katika mpira wa magongo wa barafuni. Si magoli. Magoli anayahesabu kila mtu, hata mlevi. Mimi nahesabu nafasi: zetu na zao, nani kaitengeneza, nani kaiachia. Sheria alinifundisha Kocha Kuisma mwenyewe. Mbele ya goli kuna eneo analoliita nyumba. Linaanzia kwenye milingoti miwili, linatanuka mpaka kwenye madoa mekundu yaliyochorwa kwenye barafu, kisha linapanda kidogo na kufungwa kwa juu. Shuti lililopigwa ndani ya nyumba ni nafasi. Lililopigwa nje ya nyumba ni kelele tu.

Leo wageni walipata nafasi tisa. Wakafunga sita. Golikipa wetu anaitwa Jere. Jere ni mkwe wangu. Hapo ndipo msiba ulipo.

Baada ya mechi Kocha aliniita sauna, kile chumba cha mvuke wa moto. Akamwagia mawe ya moto maji mpaka masikio yangu yakaanza kuungua. Ndipo akasema kwamba anayefungwa sita katika tisa si golikipa, ni mlango uliosahaulika wazi. Akasema macho yake yanaweza kumdanganya lakini nafasi hazijawahi. Ikifika mwisho wa mwezi bila mabadiliko, atamwachia Jere aende zake.

Jere akiachiwa, atakwenda kufanya kazi kwa mjomba wake, mwenye duka la matairi Rovaniemi. Saa nane za gari. Ataondoka na binti yangu Outi, na Outi ataondoka na Helka. Helka ni mjukuu wangu, ana miaka minne. Huja kwangu kila Jumatano na kila Jumapili. Tangu mama yake Outi atutoke, hizo ndizo siku nilizo nazo katika wiki. Zilizobaki ni za kupitisha tu.

Nimeingia ndani na viatu vyangu. Vyenye theluji. Ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Jumapili, 5 Februari

Helka amekuja. Kala vipai vyangu, vile vimikate vya kujaza mchele, na siagi iliyopondwa na mayai, kisha akaniambia nina nywele puani. Mtoto ana jicho huyu. Angefaa kuhesabu nafasi.

Outi alitazama dirishani muda wote. Akasema Rovaniemi nyumba za kupanga ni rahisi. Akasema nitaweza kwenda kuwaona wakati wa Krismasi. Krismasi! Kama vile mimi ndiye yule mzee wa zawadi mwenye ndevu. Anakaa huko huko Rovaniemi, watakuwa na wa kwao.

Walipoondoka nikaosha vyombo, huku machozi yakinidondoka kwenye povu. Hapo ndipo wazo lilipokuja. Kikombe kikanitoka mkononi. Nafasi hazidanganyi, sawa. Lakini nafasi anazihesabu nani? Mimi! Kufungwa sita katika tisa ni aibu. Kufungwa sita katika thelathini ni ushujaa. Jere hana haja ya kudaka hata shuti moja zaidi. Kinachohitajika ni wapinzani wapate nafasi nyingi, na kwa hilo siwahitaji wapinzani.

Nitaipanua nyumba kidogo. Baraza tu. Nyumba gani ya heshima haina baraza?

Jumatano, 8 Februari

Tumefungwa nne kwa moja. Safi sana!

Nafasi za wapinzani: ishirini na saba. Baraza nililijenga kipindi cha kwanza. Cha pili nikaongeza jiko. Cha tatu mchezaji wao mmoja alipiga shuti kutoka karibu na mstari wa katikati, kile kisahani cheusi tunachochezea badala ya mpira kikajiburuta kwenye barafu mpaka kikamfikia Jere kimechoka kabisa. Nikaiandika. Choo cha nje nacho ni sehemu ya nyumba.

Kushoto kwangu hukaa Alpo. Alikuwa mkuu wa stesheni ya treni, na mpaka leo amevaa saa mbili, moja kila mkono. Yeye huhesabu mashuti yanayomfikia golikipa, kwa ajili ya ubao wa matokeo, na nafasi zangu anaziita mashairi. Leo alichungulia karatasi yangu akauliza inakuwaje nafasi zizidi mashuti. Nikamwambia nafasi ni jambo la ndani, si la kuonekana na kila mtu. Akafungua chupa yake ya kahawa akanywa bila kunikaribisha.

Kocha aliisoma karatasi, akarudia. Akasema maskini Jere, kijana amepigwa mabomu jioni nzima na bado amesimama. Nilitaka kuruka. Kisha akasema wa kulaumiwa ni mabeki.

Mabeki! Hilo sikulifikiria.

Ijumaa, 10 Februari

Asubuhi Tuukka kaja na trela la kuni. Tuukka ndiye beki wetu mkubwa kuliko wote, akipita mlangoni anaingia kiubavu. Sikuagiza kuni. Kazipanga zote ukutani, magome juu, kwa unadhifu wa kutisha. Hapa kwetu mtu akikupangia kuni bila kuombwa, ujue ana shida. Alipomaliza akavua kofia.

"Mzee Veijo, nafasi kumi na moja zimeandikwa jina langu," akasema. "Kocha anatugawia nakala ya ile karatasi, na mke wangu anaisoma. Sasa nyumbani ananiita kumi na moja."

Moyo uliniuma, na kuni zilikuwa kavu. Nikamhamishia Otso nyingi za zile nafasi, nikampelekea Kocha karatasi mpya. Otso ni beki mwenzake, kijana asiyempelekea mtu kitu. Jioni Otso akabisha hodi. Mkononi ana samaki waliookwa ndani ya mkate, kapika mama yake, mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Akasema mama anasalimia, na mama anauliza kwa nini.

Nikaziondoa kwa Otso. Lakini nizipeleke kwa nani? Washambuliaji wawili wanakaa mtaa mmoja na mimi, wa tatu ndiye anayeniondolea theluji paani. Nikakaa na kalamu mpaka mkate wa samaki ukapoa. Mwisho nikaandika: kosa la barafu.

Barafu haina mke wala mama. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 11 Februari

Kumbe barafu ina mwenyewe!

Ensio, anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, aliitwa na Kocha mbele ya mwenyekiti akaulizwa barafu yake ina tatizo gani. Maisha yake yote ya kazi hajawahi kuulizwa swali hilo. Mimi hakuniambia neno. Ila swichi ya hita za jukwaani iko chumbani kwake.

Nje baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ndani si tofauti sana. Kipindi cha pili wino wa kalamu uliganda, nikaendelea kwa penseli na glavu za kuvulia samaki. Vidole sikuvisikia tena, nikawa nahesabu kwa imani. Alpo alikuwa na blanketi. Nililitazama blanketi. Alpo akatazama barafu.

Tumefungwa moja bila. Nafasi zao: thelathini na nne. Zetu: nne. Nikadhani Kocha atafurahi kwa ajili ya Jere, lakini sauna aliingia na uso wa msibani. Mwenyekiti kamwambia timu inayotoa nafasi thelathini na nne na kupata nne haina kocha, ina dereva wa basi aliyeshika filimbi. Na ni kweli Kocha anaendesha basi la shule, lakini mambo mengine hayasemwi. Akanishika bega, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika na zile nne.

Ningefanyaje? Kocha akifukuzwa atakuja mwingine na kipa wake. Nikasema nitapitia upya. Nikapitia pale pale kwenye benchi la juu la sauna, nimefumba macho. Zikawa thelathini na mbili.

Kwa hiyo mechi ambayo Alpo aliipitisha akipiga miayo ilikuwa na nafasi sitini na sita. Nyumba yetu na nyumba yao zimekutana katikati. Hakuna uwanja tena, ni mtaa mzima.

Jumamosi, 18 Februari

Nashindwa kuandika kwa furaha. Najaribu.

Kocha kaweka hesabu zangu kwenye tovuti ya klabu. Gazeti la mji limezichukua na picha ya Jere imetoka nusu ukurasa. Limeandika kwamba kwa kuzuia nafasi hakuna golikipa katika daraja letu zima anayemkaribia. Mfanyabiashara wa vyoo vya kambini kajitolea kumdhamini glavu.

Na Jere kasoma. Na Jere kaamini! Hakuna aliyemwambia vinginevyo, maana anayejua ni mimi. Zamani alikuwa anasimama golini mabega yameshuka, anaomba radhi kabla hajafungwa. Leo alisimama mbele kabisa, gongo chini, kifua nje, kama mtu mwenye hati ya kiwanja. Washambuliaji wakamwogopa. Tumeshinda tatu kwa moja, mara ya kwanza tangu Novemba. Kocha kaniambia mkataba mpya wa Jere uko mezani, msimu mmoja mzima.

Nilimpelekea Ensio chupa. Hita ikawaka kabla sijafunga mlango wake.

Nimerudi nyumbani kwa sleji yangu, kile kiti cha kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mguu, nikiimba barabara nzima, mpaka jirani akafungua pazia. Sijui kwa nini niliupoteza ujana wangu kiwanda cha karatasi. Mimi ni mtu wa mipango.

Jumanne, 21 Februari

Leo ndiyo siku ya kuteleza vilimani, kabla ya Kwaresima. Tulikwenda sote wanne. Helka alinikalia mapajani kwenye ubao wake wa kutelezea, tukashuka, tukapinduka, akataka tena. Chini kuna mama anauza maandazi ya iliki yenye krimu. Mimi naamini krimu na jemu. Jere anaamini krimu na lozi. Kila mwaka tunagombana mpaka Outi anatuachanisha. Leo nilikula la lozi. Nilikuwa na furaha kiasi hicho.

Simu ya Jere ikalia. Akaenda pembeni, akarudi uso mwekundu, na si kwa baridi. Mtu wa Uswidi. Klabu ya daraja la juu inatafuta kipa wa msimu ujao. Wameziona hesabu. Anakuja Jumamosi kumtazama.

Outi alinikumbatia pale pale, mbele za watu. Hajanikumbatia tangu mazishi. Akaniambia sikioni, "Baba, ni wewe. Wamesema walichokiona ni zile nafasi zako."

Andazi likanikwama. Rovaniemi ni saa nane za gari. Uswidi ni bahari nzima katikati, na ukifika lazima uongee Kiswidi. Nimeijenga nyumba kwa mikono yangu mpaka ikawatoa wanangu nje.

Helka akaniuliza kwa nini nimesimama. Nikamwambia nimechoka. Akaniambia nikae kwenye ubao, atanivuta yeye.

Jumamosi, 25 Februari

Kubomoa! Huo ndio mpango.

Mswidi alikaa chini yetu, mtu mwembamba mwenye koti refu, simu mkononi muda wote. Kocha kamwahidi karatasi yangu ya leo mara tu mechi ikiisha. Vizuri. Basi nikabomoa choo, jiko, baraza, na kuta zote nne. Nikabakiza kizingiti. Kila goli atakalofungwa Jere litaonekana limeingia bila nafasi, yaani kwa uzembe wake mwenyewe. Hakuna Mswidi atakayenunua uzembe.

Kilichobaki ilikuwa Jere afungwe. Jambo dogo! Msimu mzima kafungwa bila mimi kumwombea.

Hakufungwa. Alidaka kwa mkono, kwa mguu, kwa kofia. Kuna mara moja alikuwa amelala chali, goli lote tupu, akanyoosha glavu bila kutazama na kisahani kikaingia humo kikatulia. Ukumbi mzima ulisimama. Ensio alitoka chumbani kwake kushangilia. Mimi peke yangu nilikaa, nikiwaombea wageni kwa moyo wangu wote. Mshambuliaji wao mmoja alipokosa akiwa peke yake na kipa, nilimtukana kwa sauti. Alpo akageuka akanitazama kwa muda mrefu sana.

Ikaisha bila bila, tukashinda kwa penalti. Nilishuka nikampa Kocha karatasi. Nafasi za wapinzani: mbili.

Kocha akaniuliza kama nimelewa. Mbele ya mgeni! Nikasema hesabu ni hesabu. Ndipo Mswidi akageuza simu yake tuone. Alikuwa akihesabu mwenyewe, na nyumba yake ilikuwa ile ile ya Kocha, ya milingoti na madoa. Ishirini na moja. Alpo naye, bila kuulizwa, akasema hata yeye asiyeamini mashairi ameona zisizopungua ishirini.

Mswidi akamweleza Kocha kwa Kiingereza cha taratibu. Alisema hesabu zetu za tovutini hakuziamini hata siku moja, kwao ofisini walizicheka. Alikuja kuona ni watu gani wanaoandika vitu kama vile. Lakini leo kaona kwa macho yake, na huyo kipa anamtaka.

Nilimwona Kocha akielewa. Ilimchukua muda, kuanzia barafu, kurudi kwa mabeki, mpaka kwangu. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu, akangoja. Nikavua koti la klabu nikampa. Kiti kapewa Alpo, na hita yake.

Jere alinikuta kwenye maegesho nikitetemeka na sweta. Akanifunika na koti lake, la jasho.

"Mzee, mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na kazi hii," akasema. "Mji mzima waliniona sifai. Wewe peke yako uliona."

Akalia. Na mimi nikalia. Yeye alidhani tunalia jambo moja.

Jumapili, 30 Aprili

Wamekwenda. Gari lilikuwa limejaa mpaka ubao wa Helka wa kutelezea ukarudishwa. Umeegemea ukuta hapa nyumbani kwangu. Mji mzima uko nje unapuliza maputo ya sikukuu ya kesho.

Helka aliuliza nani atakuwa ananiangalia nywele za puani. Outi akasema ni karibu tu siku hizi, kuna meli, kuna simu. Nikasema ndiyo, ni karibu.

Nimepika vipai kwa sababu ni Jumapili. Nimevimaliza peke yangu na sikusikia ladha yoyote. Baadaye itakuja Jumatano. Sijui nitaifanyia nini.

Jumamosi, 16 Septemba

Ligi ya Uswidi imeanza! Nimenunua kompyuta. Alpo alikuja kuniunganishia, akabaki kutazama, akaleta blanketi na kahawa, na safari hii alinikaribisha. Sasa ana makoti mawili, lake na lile langu la klabu, kama alivyo na saa mbili.

Kabla ya mechi Helka alipiga simu. Akaniita babu kwa Kiswidi. Kisha akacheka, akasema ndivyo wanavyosema shule ya chekechea, na akasahau kurudi kwenye lile neno letu.

Timu ya Jere imeshinda tano kwa mbili. Alicheza vizuri. Namjua, najua anapocheza vizuri.

Kisha wazo likaja, na safari hii sikuangusha kikombe. Kule kwao nani ananijua? Hakuna! Ofisini walicheka, lakini walimcheka mtu aliyezidisha. Hakuna atakayemcheka mtu anayepunguza. Nimemwandikia kocha wao kwa Kiswidi changu cha shule. Nimejitambulisha kama mhesabu wa nafasi mwenye uzoefu wa miaka, nisiye na undugu na mchezaji yeyote, ninayemtakia mema tu. Nimemwambia kwa masikitiko kwamba katika mechi ya leo wapinzani hawakupata nafasi hata moja, na bado golikipa wake kafungwa mawili.

Nyumba sasa ni ndogo kiasi kwamba hata paka hageuki ndani yake. Alpo alisoma barua, akatazama saa ya kushoto, akatazama ya kulia, akasema hataki kujua. Ni wivu.

Nikikaza kila Jumamosi, kufikia theluji ya kwanza watakuwa wamemrudisha. Ubao nimeupaka nta. Mchele wa vipai vya Jumatano nimeshanunua.